Gari Jekundu Katika Boma la Ng'ombe wa Kerubo

Siku moja imekataa kunitoka kichwani, mwanangu, nayo ni ile Sabato ambayo Nyakundi alikuja kanisani na gari. Wenzangu hukumbuka siku waliyobatizwa. Mimi nakumbuka siku niliyopitwa na mtu nikala vumbi lake, nimevaa suti yangu ya pekee, na Biblia nimeibana kwapani kama mtu anayekwenda mahali pa maana.

Nimesikia unatamani gari. Wala si gari la kubebea mboga au la kumpeleka mama hospitali. Unataka lile la viti viwili, kuukuu, lililokwisha kukimbia maisha yake yote kabla ya kukufikia wewe. Umeona la mwenzako. Usinikatalie. Macho yako yanafanana na yangu ya miaka ile, macho ya paka anayetazama maziwa yakimiminwa kwenye kikombe cha mgeni. Keti basi. Sikukatazi, mimi ni nani wa kukataza? Nakusimulia tu, na kisa chenyewe si siri. Huku Nyamira hata waliozaliwa juzi wanakijua, na wengine hunicheka nikipita.

Nyakundi na mimi tulitahiriwa msimu mmoja. Tuliuguza vidonda katika nyumba moja, tukala ugali wa wimbi kwenye sahani moja. Kwetu watu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu, na ndiyo sababu wivu wangu kwake ulikuwa na mizizi mirefu. Tajiri wa Nairobi hanisumbui, hata akinunua ndege na kuiegesha juu ya kanisa. Lakini mtu niliyemwona akitetemeka kwa baridi mtoni alfajiri, tukingoja kisu pamoja! Mtu huyo akinitangulia hatua moja tu, naiona kama ameniibia hatua yenyewe.

Alikuwa Nakuru akiuza bidhaa za kampuni fulani, miaka ya mwanzo ya sabini. Mimi nilikuwa na elimu yangu ya sekondari, niliyoimaliza kwa jasho la Tata, yaani baba yangu, na kazi ya karani wa kupima majani chai katika kituo ambacho ningeweza kukiona kutoka kitandani. Nilipenda nyumbani, mwanangu. Nilipenda kigoda changu cha jikoni, chai yangu nzito ya maziwa, na mvua ya alasiri ikipiga paa nami niko ndani. Safari yangu kubwa ilikuwa kwenda soko la Daraja Mbili kununua shati, na nikifika huko naanza kuulizia gari la kurudi. Mtu kama huyo anahitaji gari la mbio la nini? Swali zuri. Laiti ningelisikia mapema.

Gari la Nyakundi lilikuwa dogo, jeupe, pua ndefu kama ya mbwa wa kuwinda, na badala ya paa lilikuwa na turubai la kukunja nyuma. Ibada ilipokwisha, hakuna aliyebaki kumsalimu mchungaji. Wote walikuwa nje wakilishika. Na katikati ya waliolishika alikuwapo Moraa.

Moraa alikuwa binti wa kutoka kijiji cha Birongo, akisomea ualimu, na alikuwa wangu. Au niseme alikuwa karibu kuwa wangu. Mshenga, yule ambaye kwetu tunamwita esigani, alikwisha kwenda na kurudi, na kilichobaki kilikuwa wazee kukubaliana ng'ombe. Sasa huyo Moraa wangu alifunguliwa mlango na Nyakundi, akaingia, akajifunga kitambaa kichwani vizuri.

"Namfikisha kwao, Onsongo," Nyakundi akaniambia. "Njia ni moja."

"Na mimi?"

"Panda."

"Nipande wapi, na viti ni viwili?"

"Panda mlima, ndugu yangu. Kwenu si juu kule?"

Watu walicheka mpaka wazee wa kanisa wakageuza nyuso. Moraa naye alicheka, kisha akanipungia mkono. Afadhali asingenipungia, ningepona.

Usiku ule sikulala, na kesho yake ugali haukushuka. Niliona wivu hata kwa kile kitambaa, kwa sababu kilipigwa na upepo ule. Nikajiambia: mimi nitanunua jekundu.

Hapa sharti nikueleze jambo moja, maana ninyi wa siku hizi mmelisahau. Kwetu dada na kaka hufungwa pamoja kwa kamba ya ng'ombe. Dada akiolewa, ng'ombe wanaokuja kwa ajili yake ndio kaka atakaoolea mke. Mimi na dada yangu Kerubo tulifungwa hivyo. Alikuwa ameolewa Suneka, na ng'ombe wake walikuwa katika boma letu, wanono, wakingoja kupelekwa Birongo kwa akina Moraa. Watu waliwaita ng'ombe wa Onsongo. Mimi nilikubali hilo jina upesi mno.

Tata alikwenda Borabu kumsaidia ndugu yake aliyepata shamba katika yale ya wazungu waliokuwa wakiondoka. Akaniachia boma. "Uwaangalie," akasema. Nami niliwaangalia, mwanangu. Niliwaangalia vizuri mpaka nikaona mnunuzi.

Dereva wa lori la majani chai ndiye aliyenipa habari ya mzungu mmoja upande wa Kericho aliyekuwa akirudi kwao na kuuza vitu vyake. Gari lake lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Lilikuwa la viti viwili, pua ndefu kuliko ya lile la Nyakundi. Nilipima kwa shubiri nikiwa nimesimama palepale. Sikupima kitu kingine.

Yule mzungu hakunidanganya. Ningependa kukwambia alinidanganya, lakini hapana. "Bwana karani," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani, "hii gari ni mzee sana. Hii namba ya maili usiamini. Imezunguka mpaka mwisho, imeanza tena."

"Hata mimi naanza tena," nikamjibu.

Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayetema dawa. Kisha akanipa ufunguo.

Mwanangu, mimi nikinunua mbuzi tu, nampanua mdomo nihesabu meno. Nampapasa mbavu, namuuliza mwenye mbuzi mama yake alizaa mapacha au la. Ng'ombe sinunui mpaka nimemwona akitembea, akila na akikojoa. Lakini gari lile, lililokwisha kutembea umbali ambao ukoo wetu mzima haujautembea tangu tuje milima hii, nililinunua kwa rangi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nililileta nyumbani kwa mteremko zaidi kuliko kwa injini. Na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuliweka, na boma lilikuwa tupu, nililiegesha bomani.

Hapo ndipo Tata alipolikuta. Alisimama langoni, fimbo mkononi, kofia imelowa mvua. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliingia bomani taratibu, akalizunguka, akaligusa ubavuni kama anayepima mafuta ya dume.

"Huyu ni wa ukoo gani?" aliuliza.

"Tata, ni gari."

"Naona. Ana meno?"

Nikatazama magurudumu.

"Amezaa mara ngapi?"

"Tata, hili litatusaidia. Baba yake Moraa akiliona hatataka ng'ombe wengi."

"Haya." Akaketi juu ya boneti, kwa sababu kila mara alipotoka safari alipenda kuketi bomani kidogo. "Nieleze jambo moja, wewe uliyesoma. Kerubo akirudi leo, tutawarudishia wakwe nini?"

"Kerubo ana raha kwake. Kwa nini arudi?"

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Ilikuwa rahisi kwangu kuamini kwamba dada yangu ana raha, maana raha yake ilikuwa ikinifaa.

"Ungewapeleka wale ng'ombe Birongo," Tata akasema, "wangetununulia wakwe. Siku ya shida tungejua mlango wa kubisha. Sasa nikabishe wapi, Onsongo? Kwa moshi?"

Ningelirudisha siku ileile, lakini mzungu alikwisha kupanda ndege, na mimi nilikuwa bado sijamuonyesha Moraa. Ndivyo wivu ulivyo. Hata baada ya kuona shimo, unataka kwanza mtu fulani akuone umesimama pembeni yake umevaa vizuri.

Basi nikaenda Birongo. Unazijua barabara zetu wakati wa mvua. Gari lile lilikuwa limelala chini hata kuku akikatiza linaomba radhi. Lilikwama tumbo juu ya tuta la katikati, magurudumu yakizunguka hewani. Lilichemka. Lilipochemka nililipoza kwa maji ya mtoni niliyochota kwa kofia, na wanawake waliotoka kuchuma chai, vikapu mgongoni, walinipita huku wakinisalimu kwa heshima kubwa mno.

"Utafika, mwalimu?"

"Mimi si mwalimu."

"Basi hutafika."

Nilifika. Nilifika nikisukumwa, na mmoja wa waliokuwa wakinisukuma tulipofika lango la kwao alikuwa Moraa mwenyewe, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Baba yake alikuwa ametoka nje na wazee wenzake wawili. Nyuma yangu moshi ulijaa migombani kama kuna nyumba inayoungua.

"Tulikuwa tunangoja ng'ombe," mzee akasema. "Kumbe wamekuja wakiwa wamekwisha kuchomwa."

Moraa alinifuta tope shavuni kwa kidole. Hakuwa na ubaya, Moraa. "Onsongo," akaniambia polepole, "mimi nilikupenda kwa sababu ulikuwa mtu wa nyumbani. Nani alikutoa?"

Ningemtaja Nyakundi, na Nyakundi hakuwa amenitoa popote. Alikuwa amepita tu.

Uchumba ule ulikufa bila kilio. Walipooana yeye na Nyakundi, nilikwenda harusini. Wali ule niliutafuna punje kwa punje, na kila punje ilikuwa na mchanga. Nami nilikuwa nikisifu mapishi.

Ningetaka kisa kiishie hapo. Kingekuwa kisa cha kuchekesha, nami ningekuwa mzee mcheshi. Lakini Kerubo alikuja.

Alikuja kwa miguu kutoka Suneka, asubuhi, mtoto mgongoni, mdomo umevimba upande mmoja. Aliingia jikoni kwa mama, akaketi kwenye kigoda changu, akasema, "Nimekuja. Sirudi." Mama akaweka maji ya chai motoni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nje, mvua ilikuwa imelowesha gari langu bomani. Turubai lilichanika zamani, na vifaranga walikuwa wamejibanza chini ya usukani.

Haukupita muda mume wake akafika na ami yake. Tukawakaribisha, maana mkwe ni mkwe hata akija na moto. Yule ami alikuwa mzee wa adabu. Alimaliza chai yake yote ndipo akasema.

"Sisi si watu wa vita. Msichana hataki kwetu, sawa, hatumfungi kamba. Tupeni mke wetu, au tupeni ng'ombe wetu. Boma lenu tunaliona kutoka hapa."

Sote tukageuka kulitazama boma. Mume wa Kerubo akacheka. "Ami, ndio wale. Wamegeuka wekundu, wakaota magurudumu."

"Tupeni muda," Tata akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Tata akiomba.

"Muda hauna kwato, mzee mwenzangu," yule ami akajibu, wala hakusema kwa dharau. Alisema kama anayetaja hali ya hewa.

Mama alikuwa akilia jikoni kimya. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Na hapo, mwanangu, Kerubo akasimama. "Nendeni," akawaambia wale wawili. "Nitawafuata. Onsongo atanileta."

Gari lile halikuwahi kumaliza safari mikononi mwangu bila kusukumwa. Nilipolitia ufunguo niliomba lisiwake. Niliomba kama nisivyowahi kuomba kanisani. Likawaka mara moja. Milima yote lilipanda likiimba. Tulipita Daraja Mbili katikati ya watu na mizigo ya ndizi, likateleza kama mafuta. Niliomba lichemke, halikuchemka. Niliomba gurudumu litoboke. Dada yangu alikaa kando yangu, mtoto mapajani, akitazama mbele.

Tulipokaribia Suneka alipapasa kiti kwa kiganja. "Laini," akasema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwakalia ng'ombe wangu."



Alishuka langoni kwao, akaingia. Nilibaki pale nimeshika usukani. Kulikuwa na mwanamke mmoja akitoka sokoni, peku, kuni kichwani, akitembea njia yake bila kuharakishwa na mtu. Nikamwonea wivu yule mwanamke kwa niaba ya Kerubo. Wivu wangu wote wa zamani, wa magari na vitambaa, ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya huo.

Gari nililiuza vipande vipande; hakuna aliyelitaka likiwa zima. Nililima chai katika kipande nilichopewa na Tata, nikachuma mwenyewe, na mimi niliyekuwa karani wa kupima majani nikapimwa majani na karani mwingine, kijana, aliyenifokea nikae kwenye foleni. Nilikuwa nikipata mtamba mmoja, nangoja, natafuta mwingine. Miaka ilikwenda. Sikuoa. Wenzangu wote walikuwa wakipeleka watoto shule.

Siku moja Nyakundi alikuja kwetu akimwongoza mtamba kwa kamba. Hakuja na gari. Alifunga mtamba bomani, akakataa chai.

"Wa nini?" nikamuuliza.

"Wa Kerubo. Tulikula sahani moja, au umesahau?" Akaenda zake.

Wema wa mtu unayemwonea wivu huuma kuliko kofi. Nilimpokea yule mtamba, na nikamchukia Nyakundi mpaka mtamba alipozaa ndama wa kwanza. Alipozaa wa pili nikaanza kumsamehe kwa kunisaidia.

Ng'ombe walipotimia, tuliwaswaga kwa miguu mimi na Tata, ambaye sasa alitembea kwa shida lakini alikataa kubaki. Tulifika Suneka jua likiwa limepanda. Mume wa Kerubo alikuwa ameketi nje ya nyumba. Alipoona wanavyoingia mmoja baada ya mwingine, alisimama. Kerubo akatoka na watoto. Alikuwa amekonda. Alipita katikati ya ng'ombe akiwagusa mgongoni, mmoja mmoja.

"Ni wote," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Unajua desturi yetu: mke akiondoka, watoto hubaki kwa ukoo wa baba yao. Aliwatazama watoto. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka pale mume wake aliposimama:

"Warudishe, Onsongo."

"Warudi? Nimewaleta ili utoke!"

"Nimekusikia. Mtu hukaa mahali anapoweza kutoka. Hapo awali sikuwa nikikaa, nilikuwa nimefungwa. Sasa nitajaribu kukaa. Uwachunge. Na siku nitakayobisha, usiniulize kitu. Fungua."

Sitakwambia kwamba mume wake aligeuka malaika. Nitakwambia tu kwamba tangu siku ile, kila alipopita kwetu, macho yake yalikwenda kwanza bomani kuhesabu, na mkono wake ulijifunza kukaa mfukoni. Hata baadaye nilipooa, nilioa kwa ndama, tena kwa ruhusa ya Kerubo. Mama zao hawakutoka bomani.

Sasa sikia nasaha yenyewe, mwanangu, kisha uende zako. Gari kuukuu si dhambi. Ukilipenda kwa macho yako mwenyewe, linunue, lipakwe mafuta, likuchekeshe. Lakini wivu haununui kwa mali yake, maana hauna mali. Hununua kwa ya mtu aliye karibu nawe na asiyeweza kukukataza. Kwa hiyo usijiulize tu bei ni kiasi gani. Jiulize ni nani anayelipa. Huenda ni mama yako, huenda ni dada yako aliyenyamaza mbali, nawe unasema ana raha kwa sababu hujamuuliza. Muulize kwanza. Jino la pembe si dawa ya pengo, na kile ulichomwonea mwenzako wivu hakitaziba kitu kwako. Utakipata, kisha utaanza kumwonea kingine. Mimi ninajua. Nyakundi sasa hana meno kama mimi, lakini bado ana nywele, na jambo hilo linanikera kila Sabato.

Basi nenda, na Nyasae, Mungu wetu, atangulie mbele yako. Akupe chako, na akupe jicho la kukitambua kikiwa bado mkononi. Mwenzako akibarikiwa, moyo wako usilale njaa. Mikono yako isiuze kilichowekwa kwa ajili ya mwingine. Na dada zako, popote walipoolewa, wakirudi mchana au usiku, wakute umekwisha kufungua kabla hawajabisha.